Kikosi cha 129 cha Wabulushi: Kutoka Karachi hadi Milima ya Kibata

Miaka mitatu baada ya Waingereza kuiteka Sindh mwaka 1843, kiliundwa mjini Karachi kikosi cha askari wa miguu kilichoitwa Bataliani ya Pili ya Wabulushi, ambacho baadaye kilipigana Uajemi mwaka 1856 na 1857, Afghanistan, na Misri mwaka 1882, kisha katika mpango mpya wa jeshi wa mwaka 1903 kikapewa namba 129. Wabulushi hao hawapaswi kuchanganywa na wale waliowatumikia masultani wa Zanzibar katika ngome za pwani yetu, kwa kuwa waliajiriwa na serikali nyingine kwa madhumuni mengine. Isitoshe, kufikia mwaka 1914 kikosi kilijazwa hasa na Wapathani, wakiwemo Wamahsud wa milima ya mpakani, pamoja na Waislamu wa Punjab, kwa sababu maofisa wa Kiingereza walishikilia nadharia ya “makabila ya kivita”, yaani imani kwamba baadhi ya jamii huzaliwa na ushujaa na nyingine hunyimwa. Nadharia hiyo haikuwa na msingi wowote wa kisayansi, lakini ndiyo iliyoamua ni vijana wa vijiji gani wangekwenda kufa ng'ambo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, kikosi kilipelekwa Ufaransa, na mwishoni mwa Oktoba 1914 kombania zake ziligawanywa ili kuziba mapengo ya wapandafarasi wa Kiingereza karibu na Ypres, nchini Ubelgiji. Tarehe 31 Oktoba, huko Hollebeke, sepoi Khudadad Khan (sepoi ni askari wa kawaida wa miguu katika jeshi la India) aliendelea kufyatua bunduki ya rashasha ingawa alikuwa amejeruhiwa, hata baada ya wenzake wote waliokuwa kwenye bunduki hiyo kuuawa. Kwa tendo hilo akawa askari wa kwanza wa Kihindi kutunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ambayo Wahindi walikuwa wameruhusiwa kuipata tangu mwaka 1911 tu.

Sifa ya siku hiyo moja imefunika utumishi mrefu zaidi wa kikosi hicho katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, jambo ambalo ni dhuluma kwa waliopigana huku. Mwanzoni mwa mwaka 1916 askari hao walihamishiwa Afrika Mashariki, mwezi Machi wakapigana karibu na Kahe, kusini mwa Kilimanjaro, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa katika vilima vya Kibata, kaskazini-magharibi ya Kilwa, katika nchi ya Wamatumbi. Mwezi Desemba Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani, aliwashambulia hapo kwa mizinga mikubwa, ukiwemo mmoja ulioondolewa katika manowari Königsberg iliyozama kwenye delta ya Rufiji. Handaki lilielekeana na handaki kama kule Ulaya, mpaka usiku wa tarehe 15 Desemba, ambapo Wabulushi hao, kwa kutumia mabomu ya kurusha kwa mkono, waliwatoa Wajerumani na askari wao wa Kiafrika kwenye kilima walichokuwa wamekikalia mbele ya ngome ya Kibata. Hata hivyo, adui aliyewadhoofisha zaidi alikuwa malaria na kuhara damu, maradhi yaliyowaua pia kwa maelfu wapagazi wa Kiafrika waliobeba chakula na risasi za jeshi zima, na ambao bila wao hakuna bataliani ambayo ingefika Kibata.

Mwaka 1922 kikosi kilifanywa bataliani ya nne ya Rejimenti ya 10 ya Wabulushi, na kwa namba hiyo kikapigana na Waitalia huko Keren, Eritrea, mwaka 1941. India ilipogawanywa mwaka 1947 rejimenti ilikabidhiwa Pakistan, huku askari wake Wahindu wakihamishiwa jeshi la India, na tangu mwaka 1956 bataliani hiyo imekuwa ya 11 katika Rejimenti ya Baloch.