Uthman bin Affan

Uthman bin Affan (takriban 576–656) alikuwa sahaba wa Mtume Muhammad (S.A.W.) na khalifa wa tatu. Alikuwa mfanyabiashara tajiri wa Makka, wa ukoo wa Banu Umayya. Aliitwa Dhun-Nurayn (mwenye nuru mbili) kwa kuwa alioa mabinti wawili wa Mtume, Ruqayya, na baada ya kifo chake, Ummu Kulthum.

Ukarimu wake haukuwa wa maneno. Katika maandalizi ya msafara wa Tabuk, mwaka 630, alileta dinari 1,000 na kuzimimina mapajani mwa Mtume. Kubwa zaidi ni kisima cha Ruma, Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa. Uthman alikinunua, akakitoa kwa Waislamu wote, naye akateka kama mtu mwingine yeyote. Inasikitisha kwamba waasi waliomzingira nyumbani kwake mwishoni mwa maisha yake walimnyima maji ya kisima hichohicho. Aliuawa mwaka 656. Wakati wa ukhalifa wake, ulioanza 644, nakala za Msahafu ziliandikwa kwa mpangilio mmoja na kusambazwa mijini.

Karne nyingi baadaye, huko Mombasa, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1963 hadi 1968, aliandika kwa Kiswahili sira za makhalifa wa mwanzo, akiwemo Uthman. Sadaka ya kudumu ya aina ya Ruma bado ipo mjini humo: katika Mji wa Kale, kisima cha Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570, kiko mkabala wa msikiti wenyewe. Mali za wakfu, yaani za sadaka ya kudumu kama hiyo, husimamiwa na Makamishna wa Wakfu, ambao makao yao yako Mombasa.