Baina ya Dhana na Yakini

Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ni methali ya tahadhari, na haikukosa ukweli. Lakini mara nyingi nimeiona ikigeuzwa kuwa hukumu. Mke akikutwa ameuawa ndani ya nyumba yake na muuaji hajulikani, macho ya mtaa hayendi barabarani kumtafuta mgeni. Hugeuka ndani, yakamwangukia mume. Mume naye akifa kifo cha ghafla, mjane huhesabiwa machozi: akilia sana, anajifanya, asipolia, basi anajua alilolitenda. Sheria nayo huanzia hapo hapo, kwani mpelelezi yeyote humuuliza kwanza yule aliyelala chini ya paa moja na marehemu. Swali ninalotaka kulitazama ni hili: ukaribu huo una uzito gani mbele ya haki? Je, ni sababu ya kumuuliza mtu tu, au unatosha kumtia kitanzi?

Majibu makubwa ya swali hili yalitolewa baina ya mwaka 1931 na 1936, katika kesi tatu za waume walioshitakiwa kwa kuwaua wake zao: mbili za Uingereza na moja ya kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Mimi si mwanasheria. Nimezisoma kesi hizi kama nilivyosoma mengi mengine, kamusi mkononi, na kwa kuwasumbua wajuao. Lakini majibu yake yamevuka bahari yakafika kwetu, na hatuna budi kuyajua.

Kesi ya kwanza ni ya William Herbert Wallace wa Liverpool. Alikuwa na umri wa miaka 52, wakala wa bima wa kampuni ya Prudential, mtu mpole, mwembamba, mwenye maradhi ya figo. Aliishi na mkewe, Julia, katika nyumba nambari 29 Wolverton Street, mtaa wa Anfield. Walioana mwaka 1914, hawakujaaliwa mtoto, na burudani yao ilikuwa muziki: mke kwenye piano, mume na fidla yake.

Usiku wa Jumatatu, Januari 19, 1931, Wallace alitarajiwa katika klabu ya sataranji mjini. Kabla hajafika, simu ilipigwa pale. Aliyepiga alijitaja kwa jina la R. M. Qualtrough, akaacha ujumbe kwamba Wallace amfuate kesho yake saa 1:30 usiku katika nyumba nambari 25 Menlove Gardens East, kwa shughuli ya bima. Wallace alipofika akapewa ujumbe huo, akasema hamjui mtu huyo wala mahali hapo.

Kesho yake, Januari 20, aliondoka kwake magharibi, akapanda tramu, na saa 1:06 alikuwa mbali upande wa pili wa mji, akimuuliza kondakta njia. Akazunguka, akauliza wapita njia, akamuuliza askari wa polisi. Menlove Gardens North ipo, South ipo, West ipo, East haipo. Akarejea nyumbani yapata saa 2:45, milango ikamkatalia, akawaambia majirani waliokuwa wakitoka. Mlango wa nyuma ulipofunguka akaingia, akamkuta Julia sebuleni, kichwa kimepondwa, na chini yake koti la mvua la Wallace mwenyewe, limejaa damu. Katika kasha la makusanyo ya bima zilipungua pauni 4 hivi. Silaha haikupatikana mpaka leo.

Polisi walichunguza simu ile, wakaona kuwa imepigwa kutoka kibanda cha simu kilicho hatua chache kutoka nyumbani kwa Wallace. Hapo ndipo shaka ilipoota mizizi: Qualtrough hayupo, ni Wallace mwenyewe aliyejipigia ili apate ushahidi wa kuwa mbali. Februari 2 akakamatwa.

Msomaji aangalie sasa jinsi kila jambo lilivyosomeka kwa njia mbili. Kuuliza kwake njia kwa watu wengi: ni mpotevu anayetafuta, au ni mwerevu anayejiwekea mashahidi? Koti lake chini ya maiti: alilivaa wakati wa kuua, au marehemu alijitanda nalo mabegani kwa baridi? Kibanda cha simu karibu na kwake: alikitumia yeye, au alikitumia mtu aliyemvizia hadi akatoka? Lakini mengine yalikataa kusomeka upande wa mashitaka. Nahodha wa klabu, aliyemjua Wallace kwa miaka, aliipokea simu ile, na hakukubali kwamba sauti aliyoisikia ilikuwa yake. Mvulana aliyeleta maziwa alimuona Julia akiwa hai jioni ile. Mashahidi walitofautiana, wengine wakisema saa 12:30, wengine saa 12:45. Ikiwa ni saa 12:45, Wallace alibakiwa na dakika chache mno za kuua, kujisafisha, kuvuruga nyumba na kuiwahi tramu. Na katika nguo zake na mwilini mwake hakukuonekana damu. Sababu ya kuua nayo haikuonyeshwa: hapakuwa na ugomvi uliothibitishwa, wala mwanamke mwingine, wala mali ya kuwania.

Kesi ilisikilizwa kuanzia Aprili 22, mbele ya Jaji Wright na raia 12. Kwetu Afrika Mashariki tulizoea wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Kwa Waingereza raia wale 12 ndio waamuao hatia. Jaji aliwaeleza kwa uwazi udhaifu wa ushahidi, na wengi waliohudhuria waliona wataamua kumwachia. Walitoka kwa muda wa saa moja hivi, wakarudi Aprili 25 na neno la hatia. Wallace akahukumiwa kunyongwa.

Ni nini kilichowashawishi? Tangu mwaka 1898 sheria ya Uingereza ilimruhusu mshitakiwa kujitetea mwenyewe kwa kiapo, na Wallace alipanda kizimbani. Alijibu kwa utulivu, sauti haikutetemeka, chozi halikumtoka. Alikuwa msomaji wa wanafalsafa wa kale waliofundisha kwamba mtu asitikiswe na msiba. Utulivu huo aliouona yeye kuwa ni heshima, wengine waliusoma kuwa ni ushahidi. Nasi tusiwacheke, kwani hata kwetu eda ya mjane ina wapelelezi wake.

Rufaa ilisikilizwa Mei 18 na 19, mbele ya Jaji Mkuu Lord Hewart na wenzake wawili. Sheria ya Rufaa za Jinai ya mwaka 1907 ilizipa mahakama nguvu ya kutengua hukumu isiyoweza kubebwa na ushahidi, lakini majaji walikuwa wazito mno kuitumia, wakiogopa kuingilia uamuzi wa raia wale 12. Safari hii waliitumia. Walisema, kwa maana yake, kwamba shaka hata ikiwa kubwa namna gani haiwi ushahidi, na kwamba kesi hii haikuthibitishwa kwa kiwango cha yakini kinachotakiwa. Wallace akatoka mlangoni mtu huru. Inahesabiwa kuwa ni mara ya kwanza kwa mahakama ile kutengua hukumu ya mauaji kwa sababu hiyo.

Hapa mfasiri aliye ndani yangu hunizuia nisipite. Lugha yetu imebarikiwa ngazi nzima ya maneno: shaka, dhana, tuhuma, mashitaka, ushahidi, yakini. Kila neno lina daraja lake. Lakini vinywani mwetu tunazipanda ngazi zote kwa hatua moja. Mtuhumiwa wa asubuhi jioni ni muuaji. Wanazuoni wa fikihi wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mtu huzaliwa hana hatia, hiyo ni yakini. Wa kuiondoa alete yakini iliyo sawa nayo. Hata katika mirathi, fikihi humnyima muuaji urithi wa aliyemuua, na mahakama za Kiingereza zina kanuni ya namna hiyo hiyo. Lakini pande zote mbili anayenyimwa ni muuaji, si anayedhaniwa.

Kesi ya pili haikuwa na fumbo la nani. Mnamo Disemba 1934, kijana wa miaka 21, Reginald Woolmington, mfanyakazi wa shamba, alimpiga risasi mkewe, Violet, aliyekuwa amemkimbia na kurudi kwa mama yake. Alikiri kwamba bunduki ilikuwa mikononi mwake, lakini akasema ilifyatuka kwa bahati mbaya alipokuwa akimtisha kuwa atajiua. Jaji aliwaambia raia wale 12 kwamba maadamu imethibitika kwamba ameua, ni juu yake mume kuonyesha kwamba si mauaji ya kukusudia. Akatiwa hatiani. Mwaka 1935 Baraza la Malodi, kwa kauli ya Lord Sankey, lilitengua hukumu hiyo na kuweka msingi usiopindika: mzigo wa kuthibitisha hatia ni wa upande wa mashitaka tangu mwanzo mpaka mwisho. Mshitakiwa hana deni la kuthibitisha kwamba hana kosa. Akiiamsha shaka yenye maana, inatosha.

Kesi ya tatu ndiyo inayotugusa sisi zaidi. Huko Ceylon, mwaka 1933, Lilian Seneviratne alikutwa amekufa nyumbani kwake, na mabishano yakawa juu ya dawa ya klorofomu: je, alijiua, au aliuawa? Mumewe, Stephen, alitiwa hatiani mwaka 1934. Sheria ya ushahidi ya kisiwa hicho ilifuata mfano wa ile ya India ya mwaka 1872, ambayo kifungu chake cha 106 kilisema kwamba jambo analolijua mtu mmoja hasa, mzigo wa kulithibitisha ni wake. Ni rahisi kuona mtego uliomo. Ni nani ajuaye yaliyotokea chumbani mwa mume na mke zaidi ya mume na mke? Mmoja amekufa; basi aliyebaki na aseme, na asipoeleza vya kutosha, anyongwe. Rufaa ilifika London, kwenye Baraza la Mfalme la rufaa za makoloni, nalo mwaka 1936 likakataa kukisoma kifungu kile hivyo. Kuishi chumba kimoja na marehemu hakumhamishii mtu mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuua. Seneviratne akaachiwa.

Naam, sheria hiyo hiyo ya India ndiyo Waingereza waliyoitumia katika nchi zetu, na Baraza hilo hilo ndilo lililokuwa kilele cha rufaa zetu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya ya mwaka 1963 na ile ya Tanzania Bara ya mwaka 1967 zimerithi mengi kutoka humo. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki nayo, katika kesi ya Simoni Musoke iliyotoka Uganda mwaka 1958, ilishikilia kanuni hii: pasipo shahidi aliyeona kwa macho, mambo yanayomzunguka mshitakiwa yasiwe na maelezo mengine yoyote ya akili isipokuwa hatia yake. Wallace angehukumiwa kwa kipimo hicho asingekaa hata siku moja katika chumba cha wanaongoja kunyongwa.

Liko jambo jingine katika sheria hizi ambalo kila nikilisoma hunisimamisha. Mume au mke halazimishwi kwa kawaida kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake; ndoa imewekewa sitara. Lakini sheria ile ya mwaka 1967 inaiondoa sitara hiyo pale kosa linapokuwa limetendwa juu ya mwili au mali ya mwenzi mwenyewe, na hapo aliyedhulumiwa huweza hata kulazimishwa kusema. Ni busara. Ila katika kesi ya mauaji, shahidi aliyefunguliwa mlango huo ndiye aliyekwisha zikwa. Ndiyo maana kesi hizi ni ngumu, na ndiyo maana watu hutaka kuijaza nafasi ya sauti yake kwa dhana zao wenyewe. Hamu ya kumpatia marehemu haki ni hamu njema. Lakini kumnyonga asiyekuwa muuaji si kumpatia haki; ni kumwachia muuaji wake nafasi ya kuzeeka kwa amani.

Nani basi alimuua Julia? Wako walioandika kumtetea Wallace na kumwelekezea kidole mtu mwingine. Yuko mwandishi mashuhuri wa riwaya za upelelezi, P. D. James, ambaye mwaka 2013 aliandika kwamba muuaji alikuwa mume. Mahakama ya rufaa haikusema kwamba Wallace hakuua. Ilisema haikuthibitishwa, ikanyamaza, na ukimya huo ndio mpaka wa sheria.

Wallace aliurudia mtaa wake na kazi yake, lakini wateja walimfungia milango, na barua za matusi zikamfuata. Akahamia ng'ambo ya mto Mersey, mahali paitwapo Bromborough. Figo zikamshinda, akafariki Februari 26, 1933, hata miaka miwili haijatimia tangu aachiwe.

Utotoni mwangu palikuwa na mzee mmoja katika mtaa wetu ambaye mkewe alikutwa kisimani. Hakushitakiwa kamwe, wala hapakuwa na wa kumshitaki kwa jambo. Lakini sisi watoto tulikatazwa kupokea hata tende mkononi mwake, na mimi, aliponinyooshea moja siku ya Idi, nilirudi nyuma nikakimbia. Sijui alifanya nini kisimani pale, kama alifanya lolote. Ninalolijua kwa yakini ni nililolifanya mimi.

Wallace alizikwa katika makaburi ya Anfield, kaburi moja na Julia.