Kesi ya Cheti cha Audrey Mbugua

Sisi makarani wa mawakili hapa Nairobi huipima kesi kwa karatasi zake. Hotuba tumewaachia wanahabari. Ndiyo maana kesi ya Audrey Mbugua dhidi ya Baraza la Mitihani la Kenya, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu Oktoba 2014, naiheshimu kuliko nyingi zenye kelele.

Audrey alifanya mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari, mwaka 2001 katika Shule ya Upili ya Kiambu, ya wavulana, akapata A-. Cheti kikatoka na jina la Andrew, jinsia ya kiume. Alipokuja kuishi kama mwanamke, alama zile nzuri hazikumfaa tena: mwajiri akikitazama cheti, kisha amtazame aliyekileta, mahojiano yameisha. Jina alilibadili kwa njia ambayo Mkenya yeyote huifuata: hati, usajili, tangazo katika Gazeti Rasmi. Baraza likakataa kuandika jina jipya.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia wakili wake. Angeweza kuitaka mahakama itamke mwanamke ni nani; sijui jaji gani angelipenda swali hilo. Hakufanya hivyo. Aliomba amri ya kulilazimisha Baraza libadili jina na kuondoa alama ya jinsia, basi. Jaji Weldon Korir akazifungua kanuni za Baraza lenyewe za mwaka 2009, akaona hazidai cheti kionyeshe jinsia. Alama hupatikana kwa kujibu maswali, si kwa kuwa mwanamume au mwanamke. Utu wa binadamu, unaolindwa na Kifungu cha 28 cha Katiba, nao ukatajwa, lakini kanuni ndiyo iliyobeba mzigo.

Julai mwaka huohuo, kwa njia hiyohiyo, Jaji George Odunga alikuwa ameiamuru bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ilisajili shirika la Transgender Education and Advocacy, ambalo Audrey alikuwa miongoni mwa viongozi wake.

Mwaka 2025 Jaji Reuben Nyakundi wa Eldoret alikwenda mbali zaidi: alimpa mwanamke mmoja transjenda, aliyedhalilishwa akiwa kizuizini, fidia ya shilingi 1,000,000, na akaitaka Serikali itunge sheria ya kuwalinda watu kama yeye. Mawakili vijana wanapenda kuitaja hukumu hiyo. Nawasihi waanze na ile ya cheti, na waisome pamoja na kanuni zake.