Nukta Iliyoficha Mipangilio

Unawasha kompyuta yenye Linux, unakuta upau wa programu umetoweka, picha ya nyuma haipo, na madirisha hayana vitufe vya kufungia. Ni rahisi kudhani mfumo wote umekufa. Wengine hufuta diski nzima na kuanza upya, na picha za miaka zikaenda na maji. Mara nyingi hapakuwa na haja, na sababu yake imo katika historia ya alama ndogo: nukta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakiijenga Unix katika maabara ya Bell Labs, Marekani. Kila folda ilikuwa na majina mawili ya kudumu: nukta moja, yaani "hapa", na nukta mbili, yaani "folda ya juu". Yalijaza orodha bure, hivyo programu ya kuorodhesha mafaili, ls, ikaagizwa iyaruke. Mwaka 2012 Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs baadaye, alieleza kwamba agizo lilikatwa mno: lilitazama herufi ya kwanza tu. Basi kila jina lililoanza na nukta likafichika.

Watunzi wa programu waliigeuza ajali hiyo kuwa kabati. GNOME, mradi ulioanzishwa 1997 na Miguel de Icaza na Federico Mena, uliyaweka mapendeleo ya mtumiaji katika folda ya .gconf ulipotoa toleo la 2 mwaka 2002. Toleo la 3, la 2011, lilihamia dconf: faili moja ndani ya .config.

Faili hiyo hubeba yale tu uliyobadilisha. Mipangilio ya awali hukaa kwenye mfumo. Kwa hiyo amri ya dconf reset -f /org/gnome/ hurudisha eneokazi la siku ya kwanza bila kugusa nyaraka. Unapoteza mapendeleo uliyochagua, kama rangi na njia za mkato. Faili lenyewe likiwa limeharibika, libadilishe jina, utoke, uingie tena, litaandikwa jipya.

Kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kuibomoa kwa sababu ya kabati asilojua lipo. Fungua folda yako, bonyeza Ctrl na H, ulione.