Steringi Hafi, Sauti Ndiyo Hufa

Kila mtoto wa Pwani anaijua kanuni hii kabla hajajua jedwali la kuzidisha: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatoswa mtoni, lakini wapi! Atarudi, na adui atakiona cha mtema kuni. Kanuni yenyewe hakuitunga mkurugenzi yeyote wa filamu. Watazamaji ndio waliofundishana, viti vya nyuma, kwa kelele.

Naanza hapo manake zile filamu za kuabudiwa, ambazo watu huzirudia mpaka wakazijua kwa moyo, mara nyingi husimuliwa kama mambo ya Wazungu. The Rocky Horror Picture Show ilitoka 1975, haikuvuta watu, kisha 1976 jumba moja la New York likaanza kuionyesha usiku wa manane. Watu wakawa wanakwenda wamevaa kama wahusika, na kuijibu skrini kwa sauti. Ikaonekana ajabu kubwa. Sasa, mwaka uo huo wa 1975 ilitoka Sholay kule India, na huku kwetu kuijibu skrini hakukumshangaza mtu. Ndivyo senema ilivyotazamwa.

Senema, ndivyo asemavyo bibi yangu, mzaliwa wa Kibokoni. Ujana wake ulikuwa wa Regal, Naaz na Majestic. Filamu zilikuwa za Kihindi, bila neno moja la Kiswahili. Utasema si mliishi ukuta kwa ukuta na Wahindi? Ni kweli, lakini majirani wengi wa Mji wa Kale walizungumza Kikutchi na Kigujarati, na Kihindi cha filamu ni lugha nyingine. Basi palihitajika mtu. Kundi la bibi lilikuwa na jirani mmoja, mwanamke, aliyekaa katikati ya safu akitafsiri kwa Kimvita huku picha inakwenda. Nilimuuliza bibi kama yule jirani alikijua Kihindi kweli. Akacheka. “Alikuwa ajua kusimulia.”

Mother India, ya 1957, ina sehemu ambapo mama, aliyeigizwa na Nargis, anampiga risasi mwanawe mwenyewe. Nyumbani kwetu sehemu hiyo ina maneno yake: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ukiitazama filamu leo, ikiwa na tafsiri ya maandishi, methali hiyo huisikii wala huisomi. Ni ya yule jirani. Aliitia pale ilipohitajika, na familia nzima imeibeba miaka yote hii.

Wakoloni nao waliwahi kuitenga sauti na picha. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara. L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu 35 za mafunzo, za kilimo, afya na kadhalika, wakazitembeza kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Sauti iliwekwa kwenye sahani za santuri ili lugha ibadilishwe kulingana na mahali. Lugha ilibadilika, ujumbe ulishaamuliwa. Jirani wa bibi hakupewa sahani na mtu.

Majumba ya mjini nayo yalikuwa na safari zake. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2018 kuhusu senema za Tanzania, anaeleza jinsi nakala moja ya filamu ilivyogawanywa kati ya majumba ya Zanzibar. Kijana alikuwa akikimbiza mikanda kwa baiskeli: huku unamalizika, kule unasubiriwa. Akichelewa, ukumbi mzima unangoja.

Kungoja kwa namna hiyo nimekuonja mwaka jana, njia ya Nairobi. Skrini ya basi ilikuwa na filamu ya kung'fu iliyosimuliwa na DJ Afro. Tulikuwa tumepita Mackinnon Road, Maungu bado, injini ikachemka. Moshi. Dereva akaegesha, skrini ikazima, steringi ananing'inia ghorofani kwa mkono mmoja. Mzee mmoja akasema sababu ni dereva kupita msikiti wa Sayyid Baghali bila hata kupunguza mwendo, maana wasafiri wengi husimama pale kuomba dua. Utingo akaenda kutafuta maji ya rejeta.

Tulikaa saa 3 kwenye vichaka, malori yakitupita. Kijana mmoja akaanza kutumalizia filamu, ameiga sauti ya DJ Afro vilevile. Watoto wakamzunguka, akina mama wakasogea. Aliposema steringi ameponyokwa, mtoto akamkata: “Huyo hafi!” Abiria wawili walikuwa wameshaiona na wakasema haiendi hivyo. Hakuna aliyewasikiliza. Basi lilipowaka tukauona mwisho wenyewe, na mama aliyekuwa nyuma yangu akasonya.

Kijana yule ana ukoo mrefu. Kuna Lufufu wa Tanzania, kuna VJ wa vibanda vya video vya Kampala, kuna jirani wa bibi. Na filamu ya Afrika Mashariki iliyoabudiwa zaidi duniani inatoka kwenye ukoo huo: Who Killed Captain Alex? ya 2010, kazi ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala. Nabwana alikuwa akifuta filamu iliyokwisha ili kompyuta ipate nafasi ya inayofuata, na nakala asili ikapotea. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akitania na kuwasifu wapiganaji. Dunia nzima inaijua filamu ile kwa mdomo wake.

Kibokoni imekuwa kinyume. Mother India ipo, tena ang'avu. Sauti ya jirani haipo, alifariki nayo. Tunapoomboleza senema zetu huwa tunahesabu majengo: lile limekuwa maduka, lile limefungwa. Safu ya viti ambayo mtu mmoja aliisimulia filamu ikawa yetu, hiyo hatuihesabu. Na hawa wa leo wasitudanganye kwa kuwa wako mtandaoni. Picha ni za watu, na siku mwenye picha akidai haki yake, sauti nayo inafutwa.

Kwa hiyo nimeanza kumrekodi bibi kwa simu. Katika safu ile wamebaki wawili tu, yeye na shoga yake wa nyumba ya tatu. Wote waliiona Awara ya Raj Kapoor, wamekaa pamoja, wakimsikiliza mtu mmoja, na kila mmoja ana mwisho wake. Nimeirekodi yote miwili.