Bustani ya Jinja na Dhamana ya Askari

Askari apatapo mapumziko mjini Jinja, na afike kwenye bustani ya wananchi iliyo ukingoni, pale Mto Nili unapotoka katika Ziwa Viktoria. Ataona nyasi, vivuli, na sanamu ya Mahatma Gandhi iliyozinduliwa mwaka 1997. Sehemu ya majivu yake ilitiwa mtoni humo mwaka 1948.

Lakini mngurumo wa maporomoko hatausikia. Maporomoko ya Ripon, ambayo Mwingereza John Speke aliyafikia Julai 1862, na ambayo Wasoga na Waganda waliyajua tangu kale, yalizamishwa na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa Aprili 1954. Wananchi walipoteza maporomoko, wakapata umeme.

Katika vita vya mwaka 1979 vya kumwondoa Idi Amin, karibu umeme wote wa Uganda ulitoka katika bwawa hilo, na barabara kuu ya kwenda Kampala ilipita juu yake. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walihofu kwamba lingelipuliwa. Tarehe 22 Aprili waliuingia mji wa Jinja, na bwawa likakutwa zima.

Kulibomoa kungekuwa kazi ya siku moja. Kulijenga kulichukua miaka. Askari atazamapo maji yale yaliyotulia, akumbuke kuwa vita hupita na watawala hupita, bali mali ya umma hubaki kuwa ya wananchi. Yeye ni mlinzi wake, si mwenyewe.