Jezi ya zamani au kadi ya mchezaji: ipi ina thamani zaidi?

Ukipekua mitumba pale Igoma, jezi ya timu ya Ulaya inaweza kupita mkononi mwako kwa bei ya fulana ya kawaida. Kabla hujaiuza au kuinunua, jua kinachopandisha bei.

Duniani vyote vinalipa
Agosti 2022, kadi ya mwaka 1952 ya Mickey Mantle, mcheza besiboli wa Marekani, iliuzwa dola milioni 12.6. Mei mwaka huohuo, jezi aliyovaa Diego Maradona akiifunga England mwaka 1986 iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 7.

Kadi: uchache na hali yake
Kampuni kama PSA hukagua kadi, huipa alama 1 hadi 10, kisha huifunga kwenye plastiki ngumu. Kona ikichakaa kidogo tu, bei inashuka.

Jezi: ushahidi kwanza
Hapa usafi si hoja kubwa. Doa au mchaniko unaweza hata kusaidia kuthibitisha kuwa ilivaliwa uwanjani. Jezi ya Maradona ilibishaniwa: familia yake ilidai ni ya kipindi cha kwanza, siyo ya mabao. Wauzaji walisimamia picha za mechi zilizolinganishwa na jezi yenyewe.

Kwa hiyo tenganisha makundi matatu: iliyovaliwa kwenye mechi, orijino ya dukani, na feki. Ya kwanza ndiyo ghali, ya tatu haina soko la kumbukumbu.

Kwetu je?
Kadi hazijazoeleka sana. Shabiki wa Bongo anajua jezi. Jezi ya Mbwana Samatta wa Aston Villa, aliyefunga Wembley Machi 1, 2020, au ya Pamba ya Mwanza iliyokuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1990, ina historia ya kweli. Lakini lazima uonyeshe ilikotoka.

Fanya hivi
- Usikate lebo, usiloweke kwenye jiki.
- Tafuta namba ndogo kwenye lebo ya ndani, iingize mtandaoni uone kama inalingana na jezi hiyo.
- Angalia bei ambazo vitu vimeuzwa kweli, siyo bei ambazo wauzaji wanataja tu.
- Ukiambiwa ina sahihi ya staa, omba picha akisaini. Bila ushahidi, huo ni wino tu, usiulipie.